Nani Aliilisha Manono Mashine Ziliponyamaza?

Wandugu, mwaka wangu wa pili wa chuo huko Lubumbashi tulikuwa wanne ndani ya popote. Kwa wale ambao hawajapitia home, popote ni chungu cha wanafunzi: Jumamosi kila mmoja anatoa feza yake, tunapika pamoja, tunakula pamoja, na yule ambaye hakutoa anakumbuka ghafla kwamba ana shangazi mtaa wa pili. Mimi walinichagua mtunza feza kwa sababu moja tu: nilitamka kwamba natoka Manono. Wakasema, "Bantu ya Manono banajua kuishi na kidogo."

Wiki ya kwanza feza iliisha Jumatano. Usiku huo tulikula bukari na chumvi. Nilimpigia mama simu kumlilia. Hakucheka, hakunigombeza. Aliuliza tu: "Unauzaka unga kila siku?" (Kwetu Katanga kuuza ni kununua, na kuuzisha ndiyo kuuza. Ndugu zetu wa Tanzania watatusamehe.) Nikajibu ndiyo, kikombe kimoja kimoja kila jioni, pamoja na kimfuko cha mafuta na fungu la makala. Akasema: "Basi weye uko tajiri. Maskini hana nguvu ya kuuza kila siku."

Niliona kama ananitania. Siku chache baadaye nikakaa na karatasi, nikajumlisha vikombe vyote vya wiki, nikalinganisha na bei ya gunia. Tofauti iliniumiza. Yule mwenye kikombe anamlipa muuzaji unga, anamlipa taabu ya kupima, anamlipa na hatari ya kukaa na mzigo. Mwenye gunia analipa unga tu. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini mimi, mwanafunzi wa uchumi, nilifundishwa kwa simu na mama ambaye hakumaliza sekondari.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza: watu wa kwetu walijifunza wapi hesabu hii? Nilitafuta katika vitabu vya historia ya Manono. Vitabu vinazungumza juu ya bati. Tani ngapi, mashine gani, wazungu gani. Kuhusu chakula utapata mistari miwili. Kwa hiyo nilirudi kwa mama na kwa nkambo, mama yake na mama, ambaye sasa ni mzee sana lakini kwa mambo ya chakula hasahau kitu.

Nkambo alianza na neno moja: posho.

Neno hili limetembea. Kenya na Tanzania wanasema posho ya mbunge, yaani feza ya kikao. Uganda posho ni chakula chenyewe, kile sisi tunaita bukari. Zamani, wakati wa misafara kutoka pwani, posho ilikuwa fungu la chakula la mpagazi, na desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Misafara ile ilivuka ziwa kutoka Ujiji ikafika Mtowa, kaskazini kidogo ya mahali ambapo leo ni Kalemie. Kiswahili kiliingia kwetu kwa njia hiyo, na posho ndani yake. Tangu mwanzo basi ni neno la mtu anayefanya kazi ya mwingine na kulishwa na mwingine.

Wabelgiji walilichukua lilivyo. Kampani ya Géomines ilianzishwa mwaka 1910, na baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaanza kuchimba bati Manono na Kitotolo. Katika miaka ya 1930 ilijenga bwawa la umeme Piana-Mwanga kwenye mto Luvua. Ilijenga reli hadi Muyumba, kwenye Lualaba, ili bati lishuke mtoni. Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya mkataba wa kazi: mwenye kuajiri alilazimika kumlisha mfanyakazi. Kampani kubwa za Katanga ziligeuza sheria hii kuwa mpango mzima: watu wakae kambini na wake zao na watoto, wapimiwe chakula, wasirudi kijijini kila msimu wa kulima.

Nkambo aliolewa kambini katika miaka ya 1950, akitokea kijiji kimoja karibu na Kiambi. Anakumbuka siku ya posho kama sisi tunavyokumbuka siku ya matokeo. Wamama wanapanga mstari, kila mmoja na vikapu na kadi. Unga, maharagwe, mawese, chumvi, samaki mkavu, mara nyingine nyama. "Ule siku kambi yote ilikuwa inanukia chakula," aliniambia. Halafu akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote: "Paka, posho haikuhesabuka bageni."

Kadi ilimjua mume, mke na watoto walioandikwa. Haikumjua mtoto wa dada aliyefika kutoka kijijini kusoma. Haikumjua mama mkwe mgonjwa. Kwetu nyumba isiyo na mgeni si nyumba, na kwa hiyo posho iliyotosha kwenye karatasi haikutosha mezani. Ikifika siku ya tano nkambo alianza kukoroga unga wa mihogo ndani ya unga wa mahindi. Mihogo hiyo aliitoa kwenye kashamba kadogo nyuma ya kambi, ambako alilima kwa kujificha. Hakumkimbia mzungu. Alimkimbia mume wake. Babu aliona aibu: watu watasema mfanyakazi wa kampani hamlishi mke wake.

Posho ilikuwa na upande wa pili, na hapa naomba tusiwe na haraka ya kusifu "wakati wa kampani" kama wazee wengi wanavyofanya. Kwanza, mshahara wa feza ulikuwa mdogo kwa sababu sehemu yake ilikuwa tayari imeliwa. Mama wa nyumba hakushika franka. Alishika kadi, na kadi huwezi kuiweka akiba. Pili, jiulize ule unga ulitoka wapi. Tangu mwaka 1917 kulikuwa na mazao ya lazima: kila mwanaume wa kijijini alidaiwa hadi siku 60 kwa mwaka za kulima kile serikali ilichotaka, pamba au chakula, kwa bei iliyopangwa na wengine. Mwaka 1942, wakati wa vita, Japani ilipochukua Malaya na bati la Kongo likawa dhahabu, siku zile zikapandishwa kufika 120. Jina lilikuwa la mwanaume, lakini kwenye palizi na mavuno jembe lilikuwa mkononi mwa mwanamke. Kwa hiyo kampani ililisha kambi, sawa, na nani alilisha kampani? Wamama wa kijijini, akina nkambo wenyewe kabla hawajaolewa.

Uhuru ulikuja, na Manono ikalipa mapema. Januari 1961 watu wa Balubakat walitangaza Manono kuwa makao makuu ya jimbo lao dhidi ya Katanga ya Tshombe, na mwezi wa tatu majandarme wa Katanga wakaja kuitwaa tena. Nkambo alikimbia na watoto wawili kurudi upande wa Kiambi. Posho hakuna, mshahara hakuna. Walikula mihogo iliyokuwa bado ardhini. Hapa kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa kama mtu wa mjini: mahindi ukivuna lazima uyaweke mahali, na anayekuja na bunduki anayaona. Mihogo inakaa chini ya udongo mwaka, hata miwili, inakungoja. Unachimba ya leo, unafunika, unakwenda. Nkambo aliita shamba lile banki yake, na kusema kweli banki nyingi za nchi hii hazijadumu hivyo.

Baadaye kazi zilirudi, kampani ikabadilisha jina, ikawa Zaïretain. Miaka michache ilikuwa mizuri. Zaire, feza mpya ya mwaka 1967, moja ilikuwa dola mbili. Halafu Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation: maduka ya wageni yakapewa wenyeji, na nchi nzima watu waliona maduka yakigeuka makabati matupu, kwa sababu wengi waliopewa waliuza mali iliyokuwepo na hawakuleta nyingine. Mashine zikachakaa. Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka kwa siku moja huko London. Sijui kama kuna mtu Manono aliyeambiwa siku hiyo. Katika miaka ile ya 1980 mashine zikanyamaza, na posho, ambayo ilikuwa imepungua pole pole kwa muda mrefu, ikakatika kabisa.

Wazee husema: hapo Manono ikakufa. Nilipomrudishia nkambo maneno hayo alikasirika. "Ilikufa? Na mama yako nani alimukomesha?"

Mama yangu wakati ule alikuwa msichana. Alianza kufanya biashara na jirani mmoja, ndakala kutoka Kalemie. Kupata ndakala Manono haikuwa rahisi wakati ule na si rahisi leo: treni hadi Kabalo kama ipo, halafu mto, halafu barabara, halafu baiskeli inayosukumwa na mtu ambaye miguu yake imepasuka. Samaki anayefika amebeba gharama ya wote hao. Kwa hiyo mama alijifunza kumpima. Alipima kwa kopo, na juu ya kopo aliweka matabishi, zile ndakala tatu nne za kuongeza ambazo zinamfanya mteja arudi.

Na alikuwa na daftari. Nimelishika mkononi, karatasi zake zimekuwa za rangi ya chai. Hili ndilo jambo lililonisukuma kuandika insha hii. Kurasa za kwanza bei zimeandikwa kwa zaire. Halafu zinafika mahali zaire zinakatwa kwa kalamu, na kuanzia hapo kila kitu kimeandikwa kwa meka. Meka, kwa wasiotoka kwetu, ni kile chombo cha kupimia mahindi sokoni. Sabuni: nusu meka. Ada ya mtoto: meka kadhaa. Deni la jirani: meka mbili na kikombe. Nilimuuliza kwa nini. Alijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inalowesha: "Feza ilikuwa inalala paka na kuamka ingine. Mahindi ilikuwa inabakia mahindi."

Angalieni tarehe. Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja sawa na zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja sawa na zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu: franka moja ni zaire za zamani bilioni 300. Bei zilikuwa zinapanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Kule chuoni tulifundishwa, kwa saa nyingi na kwa Kifaransa kigumu, kwamba feza ina kazi tatu: kupimia thamani, kubadilishana, kuweka akiba. Mama alikuwa ameona kazi mbili kati ya hizo zimekufa, akazihamishia kwenye mahindi. Hakuna profesa aliyemwambia.

Vita vikafika. Agosti 1998 Kalemie ilichukuliwa na RCD na wanajeshi wa Rwanda, na mwaka 1999 Manono nayo. Mstari wa vita ukakaa karibu, na biashara na upande wa Lubumbashi ikakatika. Nilikuwa mdogo, nakumbuka kitu kimoja tu, ladha. Chakula hakikuwa na chumvi. Nkambo alichoma majani makavu, akachuja majivu kwa maji ndani ya kikapu, akachemsha yale maji hadi kitu cha kijivu kikabaki chini ya sufuria. Kinauma ulimi kidogo. Alikuwa amefundishwa na nkambo wake, ambaye hakuona kampani wala posho. Ndani ya nyumba moja wakati ule kulikuwa na watu tisa na sufuria moja kubwa, na mama anaapa kwamba hakuna siku hata moja ambayo mtoto alilala bila kitu tumboni. Najua nyumba nyingine hazikuweza kusema hivyo. Sisemi werevu unatosha. Palikuwa na majirani waliojua yote haya na bado walizika watoto.

Sasa naomba niseme walivyofanya hasa, maana wengi wenu mko kwenye popote au mmeanza nyumba mwaka huu.

Mahindi kwetu yanavunwa kuanzia mwezi wa nne. Mwezi wa tano kila mtu ana mahindi na kila mtu ana deni, kwa hiyo kila mtu anauza, na bei inalala chini. Kuanzia Novemba hadi Februari magunia yale yale yanarudi sokoni kwa bei nyingine kabisa, na mara nyingi mkulima ananunua mahindi aliyoyalima mwenyewe. Mama hakuwa na feza ya gunia mwezi wa tano. Hakuna maskini aliye nayo. Kwa hiyo waliunda likelemba ya wamama sita. Lakini badala ya kugawana feza kila wiki kama kawaida, walikusanya kuanzia Januari na mwezi wa tano wakanunua magunia. Likelemba ya feza inaliwa na shida ya kwanza inayopiga hodi. Gunia lina shingo, limefungwa kamba, na wamama sita wanajua fundo lilivyofungwa.

Makala yalikuwa adui wa pili. Maharagwe yanalowekwa usiku, asubuhi maji yanamwagwa, na moto wa mbabula unaowashwa mara moja unafanya kazi tatu kwa mpangilio: maharagwe kwanza wakati makala yanawaka, bukari katikati, maji ya kuoga watoto mwishoni. Ndakala zikiwa chache hazipikwi nzima. Zinakaushwa juu ya kikaango bila mafuta, zinatwangwa, na unga wake unatiwa ndani ya sombe au matembele. Kila mtoto anapata samaki, hakuna anayeona mwenzake amepewa mkubwa, na ugomvi unaisha. Sombe yenyewe, hiki chakula ambacho wengine wetu tukifika mjini tunakidharau, imejaa protini kuliko muhogo wenyewe. Ila lazima itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna sumu.

Hapo nkambo anakuwa mkali, na mimi namuunga mkono. Kuna mahali pa kupunguza na kuna mahali usiguse. Mihogo michungu inalowekwa siku tatu, nne. Njaa inapobana, mtu anasema siku moja inatosha. Huko Kwango, magharibi mwa nchi, kuna ugonjwa unaoitwa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekauka, hatembei vizuri tena maisha yake yote, na wengi ni watoto na wamama. Waganga waliuchunguza na kukuta unahusiana na mihogo isiyolowekwa vya kutosha na mlo usio na protini. Kuokoa siku mbili kunaweza kukugharimu miguu.

Miaka ya 2016 na 2017 vita vya Batwa na Baluba viliwatoa watu mashambani kote Tanganyika, Manono ikiwemo. Hapo hata banki ya nkambo ilifungwa, maana mihogo ilikuwepo na njia ya kuifikia haikuwepo. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba yetu kula cha msaada. Mama alisimama mstarini na kadi. Nkambo, aliyesimama mistari ile miaka sitini kabla, alikataa kwenda.

Sasa tunaambiwa litiamu. Makampuni yamegombania udongo ule ule wa Manono mahakamani na nje ya nchi, malori yameanza kuonekana, na kwenye makundi yetu ya simu vijana wanaandika: kampani inarudi, tutakula. Nawaelewa. Mimi pia nimepeleka barua yangu ya kuomba kazi. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2018 inadai kampani itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na inadai kahie de sharje, ile orodha ya ahadi inayoandikwa pamoja na wananchi. Katika mikutano niliyohudhuria watu waliomba uwanja wa mpira, ofisi ya chefu, gari la wagonjwa. Gari ni jambo jema. Hakuna aliyeomba kinu cha kusaga, wala ghala la mahindi la mwezi wa tano, wala barabara ya mashambani. Wala hakuna aliyeuliza wanaolima ndani ya eneo la machimbo watalima wapi. Wamama walikuwepo. Walikaa nyuma, na waliondoka mapema kwenda kupika.

Katika mkutano wa mwisho nilipeleka daftari la mama. Nilisoma ukurasa mmoja, ule wa meka. Wanaume wengine walicheka, mzee mmoja akaomba alishike, na katibu akaandika "ghala" kwenye orodha, namba ya kumi na moja. Bado ni namba ya kumi na moja.

Nyumbani tumeendelea na likelemba, sasa ni nyumba nane, na mimi ndiye naandika. Mwaka huu tulinunua magunia kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. La kwanza tulilifungua juzi, na mama alihesabu mafundo ya kamba kabla hajaniruhusu kukata.